Binti Aliyeitwa na Mama Yake

Feri ya Nimati Ghat kwenda kisiwa cha Majuli, jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, ilikuwa imeshaacha gati. Ni Novemba, msimu wa Raas, maigizo ya mapenzi ya mungu Krishna. Maji ya Brahmaputra yameshuka, mafungu ya mchanga yameibuka katikati ya mto, na nahodha hawezi kwenda moja kwa moja; anazunguka akitafuta kina. Pikipiki zimepangwa juu ya paa, sisi abiria tumebanana kwenye mabenchi chini, na mbele yangu wamekaa vijana wanne na kispika chao cha Bluetooth. Walikuwa wakipiga nyimbo za Zubeen Garg, mwimbaji kipenzi cha Waassam, kama ilivyokuwa kila kona ya Assam tangu afariki tarehe 19 Septemba 2025, na hakuna aliyenung'unika. Kisha mmoja wao akasema: ngojeni, nina kitu.

Tukasikia msichana anacheka.

Haukuwa wimbo. Yalikuwa maongezi ya simu yaliyorekodiwa. Mvulana anambembeleza msichana amwambie "bhal pao", yaani nakupenda, na msichana anakwepa. Mara kuna watu. Mara kesho. Mara wewe anza. Feri ikatulia. Hata mzee mmoja mwenye kikapu cha kuku aliinua kichwa. Nyuma ya sauti ya msichana presha kuka ilipiga mluzi, ikanyamaza, ikapiga tena. Halafu, kwa mbali, sauti ya mwanamke mtu mzima ikamwita msichana kwa jina. Lilikuwa jina la nyumbani, lile ambalo Waassam wengi wanalo mbali na jina la shule. Msichana akaitika "naja, Ma", akashusha sauti, akaisogeza simu karibu kabisa na mdomo, akalisema lile neno haraka haraka, akakata.

Vijana wakapiga makofi. Mwenye simu akarudisha klipu mwanzo. Safari ya pili, mama alipoita, wote wanne waliliita lile jina pamoja naye.

Jina hilo sitaliandika hapa.

Kilichonikaa rohoni

Mimi ni mtu wa Tanga. Masomo ndiyo yaliyonileta Guwahati, jiji kubwa la Assam, na nimekaa kiasi cha kutosha kuielewa lugha ya hapa mtu anapoongea kwa kawaida, bila kunionea huruma. Klipu za mapenzi si jambo geni kwangu. Nimezisikia kwenye basi, kwenye foleni ya hosteli, dukani, usiku chumba cha jirani. Nyingine nimezipenda kwa dhati.

Ila hii iligoma kutoka kichwani. Usiku ule nilikaa kwenye uwanja wa satra moja, yaani nyumba ya watawa wa Kihindu, Majuli, nikitazama Raas: Krishna anapiga filimbi, wale wachunga ng'ombe wa kike wanaisikia usiku, wanaacha kazi za nyumbani na kutoka. Watu wamejaa, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na kinachoigizwa mbele yao ni mapenzi, hakuna kificho. Kila filimbi ilipolia, mimi nasikia mluzi wa presha kuka.

Nikarudi Guwahati nalo. Wiki zikapita.

Nilianza kwa kujiuliza kuhusu msichana: yuko wapi, anajua? Baadaye nikagundua anayenisumbua zaidi ni mama. Binti alikuwa ndani ya maongezi, alichagua kupokea simu, alichagua kusema. Mama alikuwa jikoni kwake. Aliita mtoto wake aje, basi. Na sauti yake sasa inavuka Brahmaputra ndani ya kispika cha watu asiowajua, nao wanamsaidia kuita.

Kabla bando halijawa rahisi

Mwenzangu wa chumbani anatoka Dhemaji, kaskazini ya mto. Ananiita *ba*, dada mkubwa, nami nimekuwa nikimuuliza maswali mpaka amechoka. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi vitu hivi vilivyozunguka kabla ya kampuni ya simu ya Jio kuingia Septemba 2016 na kushusha bei ya intaneti India nzima.

Kulikuwa na duka la vocha sokoni. Kijana wa duka ana kompyuta, ndani ya kompyuta kuna mafolda. Unampa memori kadi na noti ya rupia kumi au ishirini, anakujazia. Ni kazi ileile waliyoifanya vijana wetu wa vibanda vya kuingiza nyimbo kule nyumbani, na mtu wa Tanga, Mwanza au Bujumbura hahitaji maelezo zaidi. Folda za Dhemaji zilikuwa na nyimbo za Kihindi, nyimbo za Bihu, sikukuu ya mwaka mpya ya Waassam, na moja iliyoandikwa tu "Love". Ndani ya hiyo kulikuwa na mchanganyiko. Kulikuwa na vipande vya nyimbo vilivyokatwa ili viwe milio ya simu. Kulikuwa na mashairi: mtu anasoma beti za mapenzi kwa Kiassam, chini yake filimbi au gitaa, mara nyingi na mwangwi mwingi kupita kiasi. Na kulikuwa na maongezi ya simu ya wapenzi.

Kutoka hapo ni Bluetooth. Simu mbili zinawekwa pamoja kwenye dawati na mnasubiri mstari ujae. Anasema kumrushia mtu klipu ya mapenzi kwa Bluetooth kulikuwa ni tamko lenyewe, kwa sababu ilibidi mkae karibu dakika kadhaa bila kisingizio kingine. Msichana akikubali kupokea faili, amekubali kukaa.

Simu za batani zilikuwa na uwezo mdogo, klipu zikawa fupi. Zilipokuja stetasi za WhatsApp, zikazoea sekunde 30. Machi 2020, watu walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, WhatsApp ikapunguza stetasi za video India hadi sekunde 15 ili mitambo isizidiwe, na vijana wakajifunza kukata shairi mpaka libaki uti wa mgongo. Mwenzangu anaamini kipindi kile ndicho kilichozaa klipu bora, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kujizungusha. Juni mwaka uleule India ikapiga marufuku programu 59 za Kichina, TikTok ikiwemo, pamoja na SHAREit na Xender walizokuwa wakitumia kurushiana mafaili. Siku hizi, tangu 2023, unaweza kuweka sauti tupu kwenye stetasi, bila picha. Kwa watu hawa ilikuwa ni kurudi nyumbani.

Kisa kimoja alinisimulia usiku, taa zimekatika.

Desemba 2019 Assam iliwaka kwa maandamano dhidi ya sheria mpya ya uraia. Guwahati ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, na intaneti ya simu ikazimwa kuanzia tarehe 11. Ilirudi tarehe 20, baada ya Mahakama Kuu ya Gauhati kuamuru. Wakati huo yeye alikuwa anasoma Guwahati, anaishi kwa shangazi yake, na kijana wake alikuwa mtaa wa pili. Kupiga simu iliwezekana, lakini nyumba ilikuwa imejaa, watu wote wako ndani, kila neno lina masikio. Walichokuwa wamezoea ni voisi za usiku, na voisi haziendi. Basi yule kijana akarekodi kwenye simu yake, akahamishia kwenye memori kadi, akaitia ndani ya karatasi ya dawa, na mdogo wake akaileta pamoja na maziwa saa za ruhusa. Mwenzangu alisikiliza ndani ya blanketi, spika ya masikioni upande mmoja tu ili asikie mtu akiingia.

Nikamuuliza alisema nini humo.

"Bei ya viazi," akaniambia. "Alisema viazi vimepanda, na mbwa wao amejificha uvunguni kwa ajili ya milio ya mabomu ya machozi. Halafu akakaa kimya muda mrefu. Nilikuwa narudia hapo kwenye ukimya."

Kadi ile anayo mpaka leo. Hajawahi kuinakili.

Mvulana anayeongea kama kaka yangu

Nilimsimulia klipu ya kwenye feri nikitegemea akasirike pamoja nami. Hakukasirika. Alitaka kujua msichana alikuwa na lafudhi ya wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sikuwa nimeelewa. Ananieleza hivi: tangu mdogo, mapenzi aliyoyaona kwenye skrini yalisemwa kwa Kihindi. Filamu za Kiassam zipo, tena zina historia ndefu inayoanzia 1935, lakini majumba ya sinema ni machache na soko ni dogo. Wanaozungumza Kiassam kama lugha yao ya kwanza walikuwa zaidi ya milioni 15 katika sensa ya 2011. Ndani ya India hiyo ni jamii ndogo. Hivyo msichana wa Dhemaji anajua jinsi shujaa wa Mumbai anavyomwambia mpenzi wake asiondoke, ila hajawahi kumsikia mvulana wa kwao akisema hivyo. Baba yake hamwambii mama yake mbele ya watoto. Kaka zake hawasemi.

"Kwenye klipu," anasema, "anaongea kama kaka yangu. Anakosa neno, anakohoa, anasema upuuzi. Nikajua kumbe inawezekana kusemwa na sisi."

Hili lilinigusa, na linanigusa bado. Nyumbani, shangazi yangu mmoja alikuwa akitumiwa kanda na mumewe aliyekuwa kazini Muscat. Kanda ikifika, anaingia chumbani, anafunga mlango, na sisi watoto tunasikia tu muungurumo wa sauti ya kiume usioeleweka. Lakini tulijua: kuna maneno ambayo mtu mzima, baba wa watu, anamwambia mkewe, na yanachukua upande mzima wa kanda. Kujua tu kulitutosha. Kwa hiyo njaa anayoisema mwenzangu naielewa. Mtu anataka kusikia mapenzi yakisemwa kwa ulimi wake, na watu wenye sura za watu wake.

Ila kanda ya shangazi ilikuwa moja. Iliposikika, ilisikika pale ilipo.

Bihu

Nikitaka kulalamika, watu hunikumbusha Bihu, na wana haki.

Katikati ya Aprili, mwezi wa Bohag unapoingia na mwaka mpya wa Kiassam kuanza, Assam yote inaimba mapenzi. Ngoma ya dhol, pepa ya pembe ya nyati, gogona ya mwanzi inayobanwa mdomoni, wasichana wamevaa nguo za hariri ya muga na maua ya okidi yaitwayo kopou kwenye nywele. Mashairi yenyewe ni mafupi, beti za mistari michache, na hayana haya. Matamanio yanasemwa waziwazi, na wazazi wamekaa hapohapo. Zamani ilikuwa zaidi: vijana walikutana mashambani, chini ya miti, mbali na nyumba, wakiimbiana usiku, na wengine hawakurudi peke yao, kutoroka pamoja msimu wa Bihu lilikuwa jambo linalojulikana na hatimaye kukubaliwa. Wamising, ambao ni wengi Majuli na Dhemaji, wana nyimbo zao za mapenzi, oi nitom, na hizo nazo haziombi radhi.

Karne ya 19 baadhi ya wasomi wa Kiassam waliona aibu. Waliandika kwamba Bihu ni uchafu unaowadhalilisha mbele ya Waingereza. Walisahau, au hawakutaka kukumbuka, kwamba wafalme wa Ahom, waliotawala Assam zamani, waliileta uwanjani kwao; Rudra Singha, aliyetawala kuanzia 1696 hadi 1714, anatajwa kwa hilo mpaka leo. Mwaka 1952 Bihu ikapandishwa jukwaani Latasil, katikati ya Guwahati, na Aprili 2023 wachezaji zaidi ya 11,000 walikusanyika uwanja wa Sarusajai kuvunja rekodi ya dunia. Kilichoitwa uchafu ndicho sasa serikali inachojivunia.

Kwa hiyo mtu anapotoka nje, tena mgeni kama mimi, na kusema klipu za mapenzi za vijana ni tatizo, anasimama mahali palepale waliposimama wale wasomi. Hilo lilinitisha. Nilikaa na hofu hiyo kwa muda, nikajiuliza kama hasira yangu ni ya haki au ni ukale tu wa mtu wa Pwani aliyefundwa kwamba mambo ya ndani ni ya ndani.

Kilichonisaidia ni kutazama anayeimba Bihu anasimama wapi.

Anasimama mbele yako. Anajua unamsikia. Na beti anayoiimba, hata kama ameitunga jana kwa ajili ya mtu mmoja aliyepo palepale, inavaa mavazi ya beti zote zilizowahi kuimbwa. Hakuna anayeweza kumshika mkono na kumwambia: hili ni lako. Anaweza kusema ni wimbo tu. Mwenye kuelewa ataelewa, mama ataelewa, wote watanyamaza. Wimbo unampa stara.

Binti wa kwenye klipu hakupewa stara na mtu yeyote. Hata jina alilojibu halikuwa la shule.

Labda waliigiza

Mwenzangu ana jibu jingine: "Ba, hizi zinaigizwa."

Nyingi kweli zinaigizwa. Kuna vijana wanaokaa chumba kimoja, mmoja anakuwa mvulana, mwingine msichana, wanaandika maneno, wanarekodi na kusambaza kama maongezi halisi. Ukishajua, unazitambua. Sauti zote mbili zina uzito mmoja. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Mtandao haukatiki. Na maongezi yanafika mwisho.

Katika maongezi yaliyorekodiwa kweli, mwenye simu inayorekodi yuko karibu. Unasikia pumzi yake ikigonga maikrofoni, unasikia kidevu kikisugua kioo. Wa upande wa pili anakuja mwembamba, amepitia kwenye mtandao, herufi za s zimeliwa. Nilijaribu kukumbuka ya kwenye feri. Mvulana alikuwa mnene, karibu. Msichana alikuwa mwembamba, na jikoni yake nyembamba zaidi. Maana yake simu iliyorekodi ni ya mvulana. Au mwigizaji hodari sana, aliyepitisha sauti ya mwenzake kwenye simu ya pili ili ifanane.

Simu zinazotumia programu ya kupigia ya Google hutangaza kwa pande zote mbili kwamba maongezi yanarekodiwa. Sikusikia tangazo. Lakini zipo simu nyingi zenye kirekodi chao cha ndani kisichosema kitu, na baadhi unaweza kuziwekea zirekodi kila simu inayoingia, zenyewe, na mwenye simu akasahau kabisa. Kwa hiyo inawezekana hata mvulana hakukusudia. Inawezekana alipeleka simu kwa fundi kubadilisha kioo, akaacha na namba yake ya siri kama tunavyoacha wote, na fundi akafungua folda. Inawezekana alimrushia rafiki mmoja tu, kwa furaha, usiku uleule, kwa sababu hatimaye amesema.

Nilitamani sana kuwe na mtu wa kumlaumu. Kila nikimshika mmoja ananiponyoka.

Na swali la kuigiza nalo likageuka mikononi mwangu. Mwanzoni nililitumia kujituliza: labda ni mchezo, hakuna aliyeumia. Kisha nikawakumbuka wale vijana wanne. Wao hawakujua kama ni kweli au mchezo, na utamu wote ulitokana na kuamini kwamba ni kweli. Walishangilia kwa sababu walifikiri kuna binti halisi, jikoni halisi, mama halisi. Mwigizaji akitaka klipu yake isambae, lazima afanane na mtu aliyeibiwa. Tumefundisha masikio yetu kuona utamu hapo.

Hapa ndipo nilipogeuka, na sijarudi.

Mkono unaobonyeza

Siwezi kuandika kuhusu kurushiana vitu kwa simu Assam nikaruka tarehe 8 Juni 2018.

Jioni ile vijana wawili wa Guwahati walikuwa wanarudi kutoka maporomoko ya Kangthilangso, wilaya ya Karbi Anglong. Wiki zile simu zilikuwa zimejaa uvumi wa watu wanaoiba watoto. Wanakijiji wakawasimamisha, wakawapiga mpaka wakafa. Mmoja wao kazi yake ilikuwa sauti na muziki. Video yake akiwaomba, akiwaambia yeye ni Muassam mwenzao, akitaja baba yake na mama yake kwa majina ili wamwamini, nayo ikasambazwa. Nilipofika hapa watu walikuwa bado wanaiongelea kwa sauti ya chini. Mwezi uliofuata, baada ya mauaji ya namna hiyo sehemu mbalimbali za India, WhatsApp ikaweka ukomo: ujumbe mmoja haufowadiwi zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo.

Najua klipu ya mapenzi si uvumi wa wezi wa watoto. Siwekei mizani sawa. Lakini mkono ni uleule. Kinafika kitu, hujui kimetoka wapi, kinakusisimua, unakirusha mbele kabla msisimko haujapoa. Na wale wazazi waliotajwa kwenye ile video walilazimika kuishi huku majina yao yakizunguka kwenye simu za watu.

Sheria iko mbali na feri. Agosti 2017 majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya India walikubaliana kwa kauli moja kwamba faragha ni haki ya msingi. Julai 2025 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba maongezi ya simu ambayo mume amemrekodi mkewe kwa siri yanaweza kupokelewa kama ushahidi katika kesi ya ndoa. Wanasheria wana sababu zao, na nimesoma hoja kwamba ndoa iliyofika mahali pa kurekodiana imeshavunjika. Mimi nawafikiria wasichana wanaokua wakijua kwamba sauti yao kwenye simu ni kitu cha kuwekwa akiba. WhatsApp nayo mwishoni mwa 2023 ilileta voisi za kusikilizwa mara moja na kufutika. Mwenzangu alijaribu, akaacha. Anasema mpenzi wake alilalamika: atarudia wapi kwenye ukimya?

Na ni kweli. Voisi ya mapenzi imetengenezwa ili irudiwe. Ukiipokonya hilo, umebaki na simu ya kawaida.

Bohag inayokuja

Nyumba tunayoishi ni ya mama mmoja tunayemwita Baideu. Nilimsimulia naye. Alisikiliza akimenya vitunguu, akaniuliza kama mama kwenye klipu alisikika amekasirika. Nikasema hapana, aliita tu. Akasema ujana wao walikuwa wanatumiana barua kwa mkono wa mdogo mtu, na barua yake moja ilikamatwa na kusomwa kwa sauti na kaka yake uani. "Nilikana," akasema. "Nilisema mwandiko si wangu, na nyumba nzima ikakubali kuniamini. Huyo mtoto atakana nini?"

Tangu hapo, klipu ya maongezi ikifika kwangu, namuuliza aliyenitumia: ni akina nani, na wanajua? Wengi hawajibu. Wawili watatu wamekasirika. Kijana mmoja wa darasani alirudi baada ya siku kadhaa akaniambia ameiondoa kwenye kundi, ingawa ilikuwa imeshaondoka kwenda makundi mengine. Sidanganyiki kwamba nimezuia mto.

Lakini sitaki njaa ile ibaki bila chakula, kwa sababu ni njaa ya haki. Mwenzangu na binamu zake wa Dhemaji wameanza kuandika. Beti fupi za Kiassam cha kwao, na nyingine za Kimising, si kwa Kiassam cha redio. Wanasoma wenyewe, wanarekodi chini ya blanketi ili mwangwi ufe, na kila mmoja anasema jina analotaka kuitwa kabla ya kuanza. Wanaacha makosa ndani: kikohozi, kucheka, kuku anapita. Binamu mmoja wa kiume alisoma beti yake akakosa pumzi katikati, wakamwambia asirudie. Nimeisikiliza mara nyingi. Anaongea kama kaka ya mtu.

Wanataka ziwe tayari Aprili, zitoke siku ya kwanza ya Bohag, ziwekwe kwenye stetasi na kurushwa kokote zitakakofika. Nimepewa kazi ya kukata na kusawazisha sauti. Jambo moja tu linatugombanisha. Wao wanataka kila msomaji ataje na kijiji chake, kama waimbaji wa Bihu wanavyotaja kwao. Mimi nasema jina linatosha, wasichana watatafutwa. Binamu mdogo, wa kike, ndiye anayenipinga kuliko wote: anasema hajaandika beti ile ili isikike kama imetoka popote. Tulibishana jana mpaka Baideu akaja kutuzimia taa. Leo jioni tunaendelea.